Kalibu Ndogo Juu ya Mlango

Juu ya mlango wa karakana yangu nimetundika kalibu moja ndogo. Kwa asiyejua kazi yetu, kalibu ni mguu wa mbao ambao fundi hushonea kiatu juu yake. Kila mteja wa kudumu ana ya kwake, imeandikwa alama chini ya unyayo na kupangwa ukutani pamoja na za wenzake. Hiyo ndogo watu huiulizia sana. Nikisema ni yangu, hunitazama miguu, kisha hunitazama usoni waone kama natania, maana miguu yangu ni mipana kama pasi za mkaa. Wengine hucheka. Siku hizi sikasiriki. Zamani ningewajibu, na mdomo wangu haujawahi kuwa na kifuniko.

Kalibu ile ilichongwa na Baba, gerezani, kwa kipande cha mpini wa sururu na kipande cha chuma alichokinoa kwenye jiwe.

Baba alikuwa fundi viatu mwenye maneno machache na sheria moja. Mguu hupimwa kabla ya kila jozi. Hata kama mteja alikuja mwezi uliopita, hata kama ni mama mkwe wako, mguu wake unasimama juu ya karatasi na penseli inazunguka. "Mguu hauna adabu," alikuwa akisema, "unakua bila kuaga." Watu waliona ni mbwembwe za fundi, lakini viatu vyake havikumbana mtu.

Nilipokuwa na miaka sita, zikiwa zimebaki wiki mbili nianze shule, alinisimamisha juu ya karatasi ya kaki. Kuna mahali katikati ya unyayo, upande wa ndani, ambapo penseli ikipita inatekenya. Ilipofika pale nilicheka nikahama. Akaniambia nitulie, la sivyo atanishonea kiatu cha bata. Akaanza upya, nikacheka tena. Mchoro wa tatu ndio uliotoka mguu wa binadamu. Jioni ile ile akakata ngozi, ya kahawia, laini, akaiweka chini ya jiwe ilale sawasawa.

Ngozi ile haikushonwa. Kesho yake mchana walikuja watu watatu. Baba alikuwa ameshona mabuti mia mbili ya askari kwa kazi aliyopewa na mwenye ghala mmoja. Mabuti yakapotea yakiwa ghalani, mwenye ghala akayeyuka nayo, na sheria ilipotoka kutafuta wa kumshika ilimkuta Baba amekaa kwenye kigoda chake, aproni kifuani, mdomo umejaa misumari midogo. Aliyekimbia hakupatikana, basi aliyekaa ndiye akaonekana mwenye makosa. Akahukumiwa miaka saba ya kuvunja mawe.

Walipokuwa wanamtoa nililia nikamkumbatia goti, nikakataa kuachia. Akainama. "Nyamaza," akaniambia. "Usivae viatu vya mtu mwingine. Nikirudi nitakushonea mimi mwenyewe." Nadhani alidhani angerudi jioni.

Mtoto wa miaka sita hupokea maneno jinsi yalivyo. Sikuvaa.

Mama alininunulia viatu vya plastiki, nikampa binti wa jirani. Akaninunulia vya turubai, nikavisahau kisimani kwa makusudi, mara mbili. Alinichapa, akanibembeleza, akanichapa tena. Nikamwambia jino la pembe si dawa ya pengo, methali tuliyofundishwa shuleni wiki ile ile, na hiyo ikaniongezea fimbo. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliniita ofisini akanisomea kanuni: kila mwanafunzi awe na viatu vyeusi. Kesho yake nilikwenda navyo, mkononi. Nilivibeba hivyo mwaka mzima, darasani, uwanjani na kwenye mstari wa asubuhi, na vilikuwa safi kuliko vya mtoto yeyote shule nzima. Aliponiuliza ni kiburi gani hicho, nilimjibu kwamba kanuni ninaitimiza, ila miguu yangu ina mwenyewe. Sijui aliona nini usoni pangu. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, na hakuniita tena.

Mtaani wakaniita Peku. Jina lilinikaa vizuri kuliko kiatu.

Waliosema ni ukaidi hawakukosea sana, hata leo mimi si mtu rahisi. Lakini haukuwa ukaidi mtupu. Nilimtamani Baba kiasi ambacho sikuwa na mahali pa kukiweka, nikakiweka miguuni. Kokoto ikinichoma nilijua kwamba bado namngoja. Niliogopa kwamba siku nikitia mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine nitakuwa nimekubali kwamba harudi. Wakati ule nisingeweza kuyasema hivyo. Nilijua tu kwamba nimeachiwa kazi, na kazi yenyewe ni kubaki peku mpaka mwenye kiatu aje, na mtoto mwenye kazi hulia kidogo kuliko asiyekuwa nayo.

Kulikuwa na aproni yake. Mama hakuiondoa kwenye msumari. Nikitoka shule nilikuwa naingia karakana, naingiza uso ndani yake na kuvuta pumzi mpaka kifua kinauma. Mwaka wa kwanza ilinuka gundi, nta na jasho lake. Mwaka wa pili gundi na nta. Ilipofika mwaka wa nne ilinuka vumbi tu, na bado nilikuwa naingiza uso mle, nikijidanganya.

Mama naye alikuwa na kazi yake, ambayo ilikuwa kufungua mlango wa karakana kila asubuhi. Hakujua kushona kiatu kizima, ila alijifunza kubandika soli na kurudishia kamba za ndala, na kwa hayo tulikula. Kila Jumamosi alizishusha kalibu zote ukutani, akazipangusa moja moja, akazirudisha. Baba mdogo alimshauri auze zana, akasema chuma kinapata kutu na wewe mwenyewe bado kijana. Mama alimuuliza atamwambia nini mwenye kigoda akirudi akikuta mahali pa kigoda pameota uyoga. Baba mdogo akanywa maji yake akaondoka.

Mara moja kwa mwaka Mama alisafiri siku mbili kwenda kumwona. Watoto hawakuruhusiwa. Walikuwa wanapewa robo saa, wavu katikati yao, na akirudi nilimkamua kila dakika ya hiyo robo saa kama mtu anayekamua chungwa lililokwisha. Amekonda? Anakohoa? Ameniuliza? Aliniambia kwamba swali la kwanza la Baba halikubadilika hata mwaka mmoja: mguu wa mtoto umefika wapi? Na Mama aliinua mikono yake mbele ya wavu akamwonyesha, kutoka hapa mpaka hapa. Baba alitazama ile nafasi kati ya viganja mpaka mlinzi aseme muda umekwisha.

Kwamba natembea peku hakumwambia kamwe. Mtu anayevunja mawe, Mama alisema, haongezewi jiwe.

Baba alirudi nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwa miaka saba nilikuwa nimelipanga kimbio langu: nitatokea mlangoni, nitaruka ngazi mbili, nitamrukia shingoni. Alipoingia uani, mtu mwembamba mwenye mvi, mikono yote makovu, mfuko wa kitambaa begani, miguu yangu ikagoma. Nikamwambia shikamoo kama unavyomwamkia mtu wa njiani. Akaitikia marahaba. Kisha akashusha macho miguuni pangu, haraka, kama mtu anayeangalia kama mzigo wake umefika salama, akatabasamu. Hakuona ajabu. Nyumbani kila mtu hukaa peku.

Asubuhi aliingia karakana, akavaa aproni, akatoa ndani ya ule mfuko kitu kilichofungwa kwa matambara. Ilikuwa kalibu ambayo sijawahi kuona mfano wake. Katikati mlikuwa na mguu mdogo wa mbao, na mbele ya vidole na nyuma ya kisigino kulikuwa na vipande vya ngozi vilivyopigiliwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja rangi yake. Fundi hufanya hivyo mguu wa mteja ukiongezeka: badala ya kuchonga upya, anaongeza kipande. Mama aliitazama, akamwambia anipime kwanza.

"Mguu huu naujua kuliko ninavyoujua wangu," Baba akasema.

Yeye, ambaye angempima hata mama mkwe wake. Mama akarudi kwenye ndala zake. Nami sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nimetaka viatu vile kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na mtu aliyengoja hivyo hana hamu ya kusahihisha.

Siku tatu mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa. Nilikaa nje, mgongo ukutani, nikisikiliza nyundo. Ilikuwa nyundo yake kweli, mbili ndogo na moja nzito, mbili ndogo na moja nzito, na nilikuwa nimesahau kwamba naikumbuka. Nilikuwa na furaha ya kunitoa machozi, na sioni haya kuisema.

Siku ya nne akaniita. Viatu vilikuwa vya kahawia, uzi umepakwa nta, mshono umelala kama mstari wa daftari. Akapiga goti mwenyewe mbele yangu, akaukamata mguu wangu wa kulia bila kuutazama, macho yote yako kwenye kiatu, akausukuma ndani.

Haukuingia. Mbele ya vidole ungeweza kuficha limau, na ubavuni pasingepita unyasi. Nikauma meno, nikakanyaga kwa nguvu, kitu kikakwaruza, kisigino kikazama. Nikafanya hivyo na wa pili.

"Vimekaa?" akauliza.

"Vimenikaa, Baba."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu arudi, kicheko kirefu kilichomshtua mwenyewe. Mama aligeukia ukutani, akajifanya anapanga kalibu zilizokwisha pangwa.

Nilivivaa siku nne. Shuleni watoto waliacha mpira nilipopita, Peku amevaa viatu, na hata wale waliokuwa na utani wa kila aina wakanipisha njia. Mwalimu mkuu alinitazama miguu kwa mbali akainamisha kichwa kidogo. Nilikuwa natembea kama ninayekanyaga mayai. Jioni nilikuwa natia miguu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi nyuma ya bafu, nalia bila sauti, na nikirudi ndani nasema vimenikaa. Kila niliposema, Baba alionekana kama taa iliyoongezwa mafuta.

Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sheria ya mkuu mwenyewe ilikuwa mguu upimwe. Fundi viatu mzuri hahitaji kuinua kichwa ajue nani amepita. Anasikiliza hatua. Siku ya tano natoka shule, alikuwa ameketi mlangoni mwa karakana anapaka uzi nta.

"Njoo hapa," akasema.

"Nina kazi za shule."

"Njoo. Mguu wa kulia unauogopa."

Alinivua mwenyewe. Soksi ilikuwa imegandia. Akaibandua polepole, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akaukamata mguu wangu akautazama. Akaugeuza. Ulikuwa mpana, umetanuka pembeni, vidole kila kimoja na njia yake, kisigino kimepasuka mistari kama tope lililokauka. Akabonyeza unyayo kwa dole gumba. Haukubonyea. Mtu aliyeshika ngozi maisha yake yote hahitaji kuambiwa unyayo ule umetoka wapi.

Akamuuliza Mama, taratibu sana, kama mtoto wake alikuwa anatembea peku. Mama akasema ndiyo. Akauliza miaka mingapi. Mama akasema yote.

Hakuuliza kwa nini. Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu alidhani anajua. Mtoto wa fundi viatu, miaka saba bila kiatu: akaona njaa, akaona aibu, akamwona Mama akimfichia umaskini wetu kila mwaka nyuma ya wavu, na akajiona yeye ameketi kule akiulea mguu ambao haukuwepo. Nilitaka kusema.  Lakini ningesema nini? Kwamba ni kwa neno lake? Kisu kilimwelekea yeye kwa upande wowote ambao ningekishika. Nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza.

Akavua aproni, akaitundika, akaenda kulala akigeukia ukuta.

Hakuinuka kesho yake, wala wiki iliyofuata. Chakula kilikwenda na kurudi kama kilivyokwenda. Daktari wa zahanati alimsikiliza mapafu, akamsikiliza moyo, akasema vyote vizima, akatuachia vidonge vya damu. Wiki ya tatu mifupa ya mabega ilikuwa inainua shuka. Nilikaa mlangoni mwa chumba kila siku nikitazama kisogo chake, na nilimtamani kuliko nilivyomtamani alipokuwa mbali. Alipokuwa mbali nilikuwa na siku ya kuingoja. Sasa alikuwa hatua nne kutoka nilipo na sikuwa na siku yoyote.

Tulikuwa tunafua, mimi na Mama, aliposema lile lililoniamsha.

"Miaka saba ya mawe haikumuua. Unajua kwa nini? Kila mwaka nilipofika pale kwenye wavu nilimkuta ana swali." Akakamua shuka mpaka likalia. "Sasa hana swali."

Sikumaliza kufua. Nilikwenda karakana, nikachukua ile kalibu na koleo, nikaja nikaketi sakafuni mlangoni mwa chumba chake, nikaanza kung'oa vipande. Sikujua ninavyofanya na sikutaka kujua. Nilichotaka ni kelele. Nilikamata msumari wa kwanza kichwani nikauvuta kwa kuupindisha, ukalia vibaya, ngozi ikachanika. Nikakamata wa pili. Mtu anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia gereza, lakini fundi hawezi kuvumilia kazi mbovu ikifanywa karibu na sikio lake.

"Unaiharibu," ikasema sauti kutoka kitandani.

Nikaendelea.

"Koleo unaishika kama mwiko."

"Njoo uishike wewe," nikasema.

 Kisha kitanda kikalia. Alikuja ameshika ukuta, akajishusha sakafuni kwa shida, akaninyang'anya koleo. Akaukamata msumari. Akautoa wima, bila kelele. Kipande cha kwanza kikabanduka kizima. Akakigeuza kwenye mwanga, na bila kuinua kichwa akaanza kuongea.

Hicho, alisema, ni cha mwaka wa saba, mkanda wa mlinzi mmoja aliyestaafu, aliuacha kwa makusudi juu ya ndoo. Cha sita kilitoka kwenye mpira wa miguu uliopasuka. Cha tano kilikuwa ulimi wa buti la mfungwa mwenzake mmoja, aliyekuwa mpishi kabla ya kufungwa, baba wa mabinti wanne, aliyejifanya bingwa wa miguu ya wasichana. Kila mwaka Mama alipoondoka chumba kizima kilikaa baraza, watu kumi na mmoja, kujadili mguu wangu. Mmoja alisema mwaka wa kumi na moja mguu wa msichana hulala. Mwingine akabisha, akasema huo ndio mwaka wa kuruka. Walipiga kura. Kuna mwaka ambao wawili wao walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya kisigino changu. Misumari waliiokota kwenye masanduku ya mbao, wakainyoosha kwa mawe, usiku wakaificha ndani ya sabuni.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amefika cha tatu, chembamba, cheusi.

"Yule mpishi alikufa baadaye," akasema. "Hakuwa dhaifu. Alikuwa ananibebea jiwe langu nikichoka. Lakini barua za wanawe zilikatika, akaacha kuwataja, na baada ya hapo hakuchukua miezi mitatu. Nimeona wengi hivyo. Mimi sikuwa na nguvu kuwashinda. Sikuwa na nafasi ya kufa tu. Mguu ulikuwa unakua."

Akatoa cha pili, akatoa cha kwanza. Ikabaki mbao tupu. Ulikuwa mguu wa mtoto wa miaka sita, umechongwa kwa kumbukumbu, na ulilala katikati ya kiganja chake bila kukijaza. Aliufunika kwa kiganja cha pili. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Baba, ni wewe uliyeniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Siku ile walipokuchukua. Nisivae viatu vya mtu mwingine, utanishonea mwenyewe. Mama alininunulia. Nilivigawa. Alinichapa. Hatukukosa viatu, Baba, mimi ndiye niliyevikataa."

 Niliona anatafuta, anarudi nyuma mwaka mmoja mmoja, na nikaona kwamba hakumbuki.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Nilisema ili unyamaze."

"Nilinyamaza," nikasema.

Akaweka nyuma ya mkono wake juu ya macho, mabega yakaanza kumcheza. Sikuwa nimemwona Baba akilia siku waliyomchukua wala siku aliyorudi. Nilimrukia shingoni. Ndilo lile kimbio langu, limechelewa mwezi mzima na halikuwa na ngazi za kuruka, lakini nililikimbia. Alinuka kitanda na ugonjwa. Chini yake, mbali, kulikuwa na nta.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na mikono ina povu. Akasema naye ana la kuungama. Pale kwenye wavu, akasema, kila mwaka alikuwa anairefusha mikono kidogo. Hakukusudia kudanganya. Ila alimwona Baba alivyoitazama ile nafasi, akatamani impe mengi zaidi ya kutazama.

"Ndiyo maana," Baba akasema, akijifuta uso. "Mbele pangetosha limau." Nami nilikuwa nimeliwaza lile limau bila kumwambia mtu.

Akaomba karatasi ya kaki na penseli. Mama alivileta mbio. Baba aliuweka ule mguu mdogo wa mbao kando, karibu na ukuta, kwa uangalifu kama kitu kilicholala.

"Huyu nilishamshonea," akasema. "Simama, nikuone wewe."

Nikasimama na vidonda vyangu. Akapiga magoti, mkono mmoja umeshika kifundo changu, penseli ikaanzia kisiginoni. Ilikwenda polepole, ikazunguka vidole, ikashuka upande wa ndani, ikafika pale katikati ya unyayo. Hapo akapunguza mwendo. Akangoja. Nilijua anangoja nini. Nikangoja na mimi, nikasikiliza kwa mwili mzima, na unyayo ulikuwa mgumu kama soli. Ningeweza kucheka kwa ajili yake, kama nilivyosema vimenikaa. Nilikuwa nimeuchoka uongo.

"Sisikii kitu, Baba."

Akatikisa kichwa, akamaliza mchoro, akaandika namba pembeni.

"Lete wa pili," akasema.

Viatu vilivyotoka vilikuwa vipana na havikuwa na uzuri wowote, na nilivivaa mpaka vikatoboka. Alifungua karakana wiki ile. Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, akanipima. Na uliofuata. Mwaka wa tatu, ngozi ya unyayo ikiwa imeanza kurudi ngozi, penseli ilipofika pale nilihisi kama mdudu anapita, kisha nikatekenyeka, nikacheka, nikahama. Baba akaiweka penseli chini. Akakaa kidogo akitazama mchoro ulioharibika. Halafu akaniambia nitulie la sivyo atanishonea kiatu cha bata. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, mrefu kuliko yeye. Siku hiyo tuliharibu karatasi nne.

Aliishi miaka kumi na tisa baada ya kutoka, na hakukosa kunipima hata mwaka mmoja. Tulipomzika nilidhani sitaamka. Niliamka siku ya nane kwa sababu kulikuwa na bwana mmoja wa miguu mibaya aliyeahidiwa viatu, na kalibu yake ilikuwa kwenye benchi na Baba hayupo, basi nani angevishona. Hivyo ndivyo nilivyopita mwezi wa kwanza, na wa pili, mguu wa mtu baada ya mguu wa mtu.

Viatu vyangu najishonea. Kila mwaka, tarehe ileile, nafunga mlango, najisimamisha juu ya karatasi ya kaki, nainama, na kuupitishia mguu wangu penseli, kwa sababu sheria ni sheria. Ikifika pale katikati ya unyayo napunguza mwendo, nangoja. Lakini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe.